Seva Inapokataa Kuunganishwa: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: seva iko hai, taa zake zinawaka, lakini programu zinazoitegemea haziwezi kuunganishwa nayo. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa majibu ya zile nyingine yanaiegemea.

Swali. Ndugu Mtaalamu, mimi ni msimamizi wa kompyuta katika chama cha akiba na mikopo. Mfumo wa wanachama ulikuwa ukikaa pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL katika seva moja ya Linux. Tulipopata seva ya pili tuliihamishia hifadhidata huko, na tangu hapo mfumo umeshindwa kuunganishwa nayo. Mwanzoni tulipata ujumbe «Connection refused» papo hapo. Fundi mmoja akabadilisha mipangilio ya seva ile mpya, na sasa skrini inaganda kwa zaidi ya dakika mbili kisha inaandika «Connection timed out». Tumeziwasha upya seva zote mbili mara kadhaa bila mafanikio. Je, hali imeboreka au imezidi kuharibika? — *Msomaji, Morogoro*

Jibu. Ndugu msomaji, hali haijaboreka wala haijazidi kuharibika. Imebadilika, na badiliko hilo ndilo ushahidi bora ulio nao, kwa sababu jumbe hizo mbili hazitoki mahali pamoja.

Programu inapotaka kuunganishwa kwa TCP, utaratibu wa kawaida wa kufungua muunganisho kati ya kompyuta, kompyuta yake hutuma kwanza pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, iitwayo SYN. Seva hujibu kwa SYN-ACK, na upande ulioanza huthibitisha kwa ACK. Ikiwa SYN imefika kwenye seva lakini hakuna programu inayosikiliza katika poti iliyotajwa, yaani namba ya mlango wa huduma hiyo, keneli ya seva (kiini cha mfumo wake wa uendeshaji) hurudisha pakiti ya kukataa, RST, mara moja, na mtumaji huandikiwa kwamba amekataliwa. Kwa hiyo kukataliwa, ingawa hakupendezi, kunakuambia mambo mengi mazuri: anwani inafikika, njia ya kwenda na ya kurudi ni nzima, seva inawaka na keneli yake inajibu. Kilichokosekana ni msikilizaji tu, au pengine kuna ngome ya mtandao, kichujio cha pakiti ambacho mafundi hukiita faiwoli, iliyoagizwa kujibu kwa RST.

Kimya ni habari nyingine kabisa. SYN imeondoka na hakuna chochote kilichorudi, hata neno la kukataa. Linux haikati tamaa upesi: keneli zilizoenea kwa miaka mingi huituma tena pakiti hiyo mara 6, zikianza kwa kusubiri sekunde 1 na kuongeza maradufu kila mara, hata jumla ifike sekunde 127. Hizo ndizo dakika zako mbili na ushei. Anayepiga hodi akaambiwa kwamba mwenyeji hayupo, anajua walau kwamba nyumba ina watu. Anayepiga hodi asijibiwe kabisa hajui kama nyumba ni tupu, kama mlango si wenyewe, au kama yuko mlinzi ndani aliyeamriwa asifungue kinywa.

Sasa tuangalie mkasa wenu. PostgreSQL, kama inavyowekwa bila kuguswa, husikiliza katika anwani ya ndani tu, yaani 127.0.0.1, kwenye poti 5432. Mfumo na hifadhidata vilipokuwa katika seva moja jambo hilo halikuwa na madhara yoyote. Baada ya kuhama, pakiti zilianza kufika kupitia anwani ya mtandao wa ofisi, ambako hapakuwa na msikilizaji, na keneli ikazikataa kama inavyopaswa. Ili kulithibitisha, ingia katika seva ya hifadhidata uandike `ss -ltnp`. Ukiona 127.0.0.1:5432, umepata chanzo cha ujumbe wa kwanza, na dawa yake ni kubadilisha `listen_addresses` katika faili ya postgresql.conf, kisha kuianzisha upya huduma ya PostgreSQL, kwa maana badiliko hilo halishiki kwa kusoma upya mipangilio peke yake. Hapa tu ndipo kuanzisha upya kunapohitajika katika mkasa huu wote, na ni huduma inayoanzishwa upya, si seva nzima.

Hata hivyo, kurekebisha usikilizaji hakuwezi kugeuza kukataliwa kuwa kimya. Kama ngome inayomeza pakiti ingekuwapo tangu mwanzo, msingepata ujumbe wa kukataliwa hata siku moja, kwa kuwa SYN isingefika kwa keneli ikajibiwa. Basi yapo mawili: ama fundi aliwasha ngome alipokuwa akishughulika na mengine, ama alibadilisha anwani ambayo mfumo unaitumia. Nalitilia nguvu la kwanza, kwa sababu unasema alishughulika na seva mpya, na kwa sababu anwani isiyo na mwenyewe katika mtandao uleule wa ofisi ingetoa ujumbe mwingine, «No route to host», baada ya sekunde chache tu. Ngome ya ufw inayotumika sana katika Ubuntu, ikishawashwa kwa mipangilio yake ya kawaida, humeza kimyakimya kila kinachoingia bila ruhusa. Andika `ufw status verbose` utaona.

Kuhusu huo ujumbe wa «No route to host», ninaomba wasomaji wengine nao wauzingatie, maana unapotosha wengi. Katika mtandao wa ndani mara nyingi humaanisha kwamba hakuna kompyuta iliyoitikia swali la ARP, yaani «nani mwenye anwani hii?», ama kwa sababu imezimwa, ama anwani imekosewa, ama waya umechomekwa mahali pasipo pake kwenye swichi. Lakini firewalld, inayokuja na Red Hat na jamaa zake, hukataa pakiti kwa kutuma ujumbe wa makatazo wa ICMP, utaratibu wa kupashana taarifa na makosa ya mtandao, na keneli ya mtumaji huutafsiri kwa maneno hayohayo. Nimewaona mafundi wakikagua ruta kutwa nzima ilhali njia haikuwa na kasoro yoyote. Ukiona «Network is unreachable», hapo pakiti haikuondoka kabisa: jedwali la njia la kompyuta yako lenyewe halina pa kuipeleka, na `ip route` ndiyo amri ya kuanzia.

Usiniamini mimi wala fundi wako. Zitazame pakiti zenyewe. Katika seva ya hifadhidata andika `tcpdump -ni any tcp port 5432`, kisha mtu mwingine ajaribu kuunganisha kutoka seva ya mfumo. Ikiwa hakuna kinachoonekana, pakiti zinapotelea njiani, au zinazuiwa zinapotoka huko zilikoanzia. Ikiwa SYN inaonekana ikirudiarudia bila jibu, tatizo limo ndani ya seva hiyohiyo, kwa kuwa tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla ngome haijaichuja. Ikiwa SYN inaingia na SYN-ACK inatoka, lakini vyote viwili vinarudiwa, basi jibu halifiki, na mara nyingi sababu ni seva yenye kadi mbili za mtandao inayojibu kwa kupitia kadi ambayo siyo. Amri ya `ip route get`, ikifuatwa na anwani ya seva ya mfumo, itakuonyesha jibu linatokea wapi.

Ukishafungua njia usishangae kukutana na ujumbe unaosema hakuna mstari wa pg_hba.conf, faili ya PostgreSQL inayotaja wanaoruhusiwa kuingia, kwa anwani yako. Huo si ugonjwa wa mtandao. Ni PostgreSQL yenyewe inayozungumza, na maana yake mtandao umekwisha kupona. Ruhusu anwani ya seva ya mfumo peke yake, katika faili hiyo na katika ngome pia. Wapo watakaokushauri uizime ngome kabisa ili mambo yaende. Kwa chama kinachotunza akiba za watu ushauri huo haufai hata kwa saa moja.

Neno la mwisho kwako linahusu kuwasha upya. Kila mnapowasha upya seva, hesabu za keneli zinarudi sifuri, foleni zinafutika, na jedwali la miunganisho linaanza upya likiwa tupu. Ikibidi kufanya hivyo kwa sababu wanachama wamejaa dirishani, hifadhi kwanza katika faili matokeo ya `ss -tan`, `nstat -az`, `ip route` na `dmesg`. Ni kazi isiyomaliza dakika moja, na bila hiyo hamtakuwa na cha kuchunguza baadaye.

Swali. Ping inapita lakini tovuti yetu haifunguki. Je, nimweleze mkuu wangu kwamba mtandao ni mzima? — *Msomaji, Kampala*

Jibu. Mweleze kwamba keneli ya seva inajibu, basi. Ping hutumia ICMP, ambayo haina poti, na jibu lake hutolewa na keneli hata kama programu zote za tovuti zimekufa. Kinyume chake pia hutokea: ping inazuiwa na ngome ilhali tovuti inafunguka vizuri. Tumia `curl -v` pamoja na anwani ya tovuti, nawe utaona ni hatua gani iliyokwama: kulitafuta jina, kuunganisha kwa TCP, kukubaliana usiri wa TLS, au kupata jibu la tovuti yenyewe.

Swali. Asalaam aleikum. Ofisi yetu ya kutoa mizigo imeunganishwa na seva iliyoko makao makuu Nairobi kwa njia ya VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti). Kuingia kwa SSH, yaani kuiamuru seva kutoka mbali, kunawezekana na amri fupi zinajibiwa, lakini nikiomba orodha ndefu, au nikipakua hati za mizigo, kila kitu kinaganda bila ujumbe wowote. Mtoa huduma anasema laini ni safi. — *Msomaji, Mombasa*

Jibu. Waaleikum salaam. Huenda mtoa huduma anasema kweli. Dalili ulizozieleza, za vitu vidogo kupita na vikubwa kukwama, karibu kila mara zinaelekeza kwenye ukubwa wa pakiti.

Ethernet ya kawaida hubeba pakiti ya hadi baiti 1500. VPN huifunga kila pakiti ndani ya nyingine, na gamba hilo nalo linachukua nafasi. Ndiyo maana WireGuard, mojawapo ya programu za VPN, kwa kawaida hujiwekea kikomo cha 1420, na laini za PPPoE hubaki na 1492. Seva isiyojua kwamba njiani kuna sehemu nyembamba hutuma pakiti za 1500 zilizoandikwa kwamba zisikatwe. Ruta iliyo kwenye sehemu hiyo inapaswa kuitupa pakiti na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP unaotaja ukubwa unaokubalika, utaratibu uliowekwa kwa maandishi ya RFC 1191 ya mwaka 1990. Mahali fulani kati ya Mombasa na Nairobi pana ngome ambayo mtu ameiagiza izuie ICMP yote kwa jina la usalama, na kwa hiyo seva haipati habari kamwe. Inatuma, inasubiri, inatuma tena pakiti ileile isiyoweza kupita. Muunganisho wenyewe hufunguka bila taabu kwa kuwa SYN na wenzake ni vipakiti vidogo.

Pima hivi kutoka upande wa seva: `ping -M do -s 1472` ikifuatwa na anwani ya kompyuta ya Mombasa. Baiti 1472, ukiongeza 8 za ICMP na 20 za IP, ni 1500 kamili. Isipopita, punguza hatua kwa hatua. Namba kubwa kuliko zote inayopita, ukiijumlisha na 28, ndiyo MTU ya njia yenu, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti inayopita. Kipimo hiki kinahitaji ping yenyewe iruhusiwe. Ikiwa nayo imezuiwa, umeshapata fununu ya anayezuia.

Dawa ya haki ni kuziruhusu jumbe za ICMP za aina ya 3, namba ya 4. Mwenye ngome akikataa, na wapo wanaokataa, ruta ya VPN inaweza kuagizwa ipunguze kipimo cha MSS (kiasi cha juu cha data katika pakiti moja ya TCP) katika kila SYN inayopita, kwa kanuni ya TCPMSS ya iptables yenye `--clamp-mss-to-pmtu`. Njia hiyo inazitibu TCP zote bila kugusa kompyuta za wafanyakazi. Kuipunguza MTU katika kila kompyuta moja moja pia kunafaa, mpaka siku itakaponunuliwa kompyuta mpya na hakuna anayekumbuka.

Swali. Katika ofisi ya mteja wetu mtu mmoja anaufungua mfumo, aliyeketi pembeni yake anashindwa, na baada ya dakika chache inakuwa kinyume chake. Anayeshindwa akitumia intaneti ya simu yake anafaulu papo hapo. Seva ni ya CentOS 7, na mwenzangu aliyeniachia kazi aliwahi «kuiongezea kasi». — *Msomaji, Zanzibar*

Jibu. Umelitaja jibu mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Fungua /etc/sysctl.conf utafute `net.ipv4.tcp_tw_recycle`. Nina hakika kiasi kikubwa kwamba utaikuta imewekwa 1.

Mpangilio huo ulisambaa kwa miaka mingi katika orodha za kuharakisha seva, ukinakiliwa na watu wasiousoma. Ukiwashwa, seva hukumbuka, kwa kila anwani ya IP, alama ya wakati iliyokuja na pakiti ya mwisho ya TCP, na kwa muda wa dakika moja hivi huitupa kimyakimya SYN yoyote kutoka anwani hiyo yenye alama iliyo nyuma ya ile. Kwa kompyuta moja yenye anwani yake hakuna neno. Lakini ofisi nzima inayotoka nje kwa anwani moja kupitia NAT ina kompyuta nyingi, kila moja na saa yake ya alama, na yule ambaye saa yake iko nyuma hukosa zamu mara tu mwenzake anapokuwa ametangulia. Simu inatoka kwa anwani nyingine, ndiyo sababu inafaulu. Mitandao ya simu nayo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache, kwa hiyo usidhani watumiaji wa simu wamesalimika, hawajakuandikia tu.

Andika `netstat -s | grep "time stamp"`. Ukiona hesabu ya miunganisho iliyokataliwa kwa sababu ya alama za wakati ikipanda kila unaporudia, shauri limekwisha. Weka 0, kisha `sysctl -p`, na athari ni ya mara moja. Waandishi wa Linux waliuondoa mpangilio huu kabisa katika keneli 4.12 ya mwaka 2017, lakini CentOS 7 inaendesha keneli ya 3.10. Mfumo huo uliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuhama.

Swali. Seva yetu iko Ulaya na watumiaji wako Dar es Salaam. Miunganisho ikianza kukatika, nitajuaje kama ni seva au ni nyaya za baharini kama ilivyotokea Mei 2024? — *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja katika bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na siku kama hiyo huhitaji kipimo: kila tovuti ya nje inaumwa, si yako tu. Kwa siku zisizo dhahiri hivyo, endesha `mtr`, amri inayopima kila kituo cha njiani, kutoka Dar kwenda kwenye seva na kutoka kwenye seva kuja Dar kwa wakati mmoja, kwa kuwa njia ya kwenda na ya kurudi mara nyingi si moja. Soma kituo cha mwisho kwanza. Upotevu unaoonekana katika kituo cha katikati na kutoweka katika vinavyofuata si upotevu. Ruta nyingi huchelewesha au huacha kujibu vipimo huku zikipitisha pakiti za wengine kama kawaida. Upotevu ulioanza mahali na kuendelea hadi mwisho ndio wa kumpelekea mtoa huduma, ukiwa na vipimo vya pande zote mbili mkononi.

Swali. Siku ya kutangaza matokeo ya chuo, nusu ya wanafunzi hawakuweza kabisa kuifungua tovuti. Kichakato hakikuwa kimejaa, kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa na nafasi, na logi za programu hazikuonyesha kosa hata moja. — *Msomaji, Dodoma*

Jibu. Logi hazikuonyesha kosa kwa sababu programu haikuwahi kujua kwamba wanafunzi hao walikuja. Muunganisho uliokamilika hukaa katika foleni ya keneli hadi programu iuchukue. Foleni ikijaa, Linux huzitupa pakiti za wanaoendelea kuja bila kuwaambia neno, nao wanaona kimya kilekile tulichokieleza hapo juu.

Katika `ss -lnt`, kwenye mstari wa poti inayosikiliza, Recv-Q ni idadi iliyomo kwenye foleni sasa hivi na Send-Q ni kikomo chake. Kikomo hicho ni kile kidogo kati ya kiwango kilichoombwa na programu na kile cha `net.core.somaxconn`, ambacho kilikuwa 128 hadi keneli 5.4 ilipokipandisha kuwa 4096. Mkiwa bado na seva zilezile na hazijawashwa upya, `nstat -az TcpExtListenOverflows` itawaambia foleni ilifurika mara ngapi tangu zilipowashwa. Tazameni pia `dmesg`: mstari unaosema «nf_conntrack: table full, dropping packet» unamaanisha kwamba jedwali la ngome ndilo lililojaa, si foleni ya programu.

Kupanua foleni ni rahisi na huwapendeza wengi, lakini foleni ndefu mbele ya programu inayosuasua huwapa wanafunzi nafasi ya kusubiri zaidi tu. Ulizeni kwanza kwa nini programu haichukui. Mara nyingi kila ombi linangoja nafasi kwenye hifadhidata, ambayo kwa PostgreSQL ni miunganisho 100 isipobadilishwa. Na ikiwa programu yenu hufungua muunganisho mpya kwa kila ombi, kuna ukuta mwingine: poti za kutokea nje katika Linux ni 32768 hadi 60999, jumla 28,232, na iliyotumika hupumzika sekunde 60 kabla ya kutumika tena kwa safari ileile. Hiyo ni miunganisho kama 470 kwa sekunde kwenda hifadhidata moja. Zaidi ya hapo mtaona «Cannot assign requested address». Programu itunze miunganisho michache iliyo wazi na kuitumia tena.

Kwa matokeo ya mitihani, hata hivyo, ningeepuka haya yote. Matokeo hayabadiliki baada ya kutangazwa. Yaandaliwe mapema kama kurasa zilizokamilika, ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi, kwa jina la faili lisiloweza kukisiwa, nginx, programu ya kutoa kurasa za tovuti, izitoe moja kwa moja kutoka diski, na hifadhidata isiguswe siku hiyo.